Hudson Fysh, Mfungua Njia za Angani

Nchi ya Australia ni kubwa mno. Ukubwa wake wapata nchi ya Tanzania mara 8, nayo imezungukwa na bahari pande zote. Miji yake mikubwa, kama Sydney, Melbourne na Brisbane, iko pwani, mahali penye mvua na mito. Lakini mtu akiiacha pwani na kushika njia ya kwenda bara, huona nchi ikizidi kukauka na nyumba zikizidi kuwa mbalimbali, hata afike katika nyanda zisizoonekana mwisho, ambako jirani wa karibu huenda akawa mwendo wa siku nzima kwa farasi. Wenyeji wa asili wa nchi hiyo walikuwa wamekaa humo kwa maelfu mengi ya miaka, wakijua kila kisima na kila njia. Wazungu waliokuja baadaye kufuga kondoo na ng'ombe huko bara walikuta adui mmoja aliyewashinda kwa muda mrefu. Adui huyo hakuwa mnyama wala mtu, bali umbali.

Katika jimbo la Queensland, lililo kaskazini na mashariki ya nchi, palikuwa na reli tatu zilizotoka pwani na kuingia bara. Moja ilifika mji wa Charleville, ya pili mji wa Longreach, na ya tatu mji wa Cloncurry. Lakini reli hizo hazikukutana huko bara. Zilikuwa kama vidole vitatu vya mkono, ambavyo ncha zake hazigusani. Mtu wa Charleville aliyetaka kwenda Cloncurry kwa gari la moshi hakuwa na budi kurudi kwanza mpaka pwani. Na akitaka kwenda kwa barabara, alijua kwamba mvua ikinyesha, udongo mweusi wa nyanda zile hugeuka kuwa tope zito, wala gurudumu halipiti. Barua zilikawia. Tena mtoto akipatwa na homa kali, au mchungaji akianguka farasini na kuvunjika mguu, daktari alikuwa mbali sana, na mara nyingi mgonjwa alikufa kabla ya kumfikia.

Habari hii ni ya mtu mmoja aliyetumia maisha yake kupigana na adui huyo. Jina lake ni Hudson Fysh.

Fysh alizaliwa tarehe 7 Januari 1895 katika mji wa Launceston, katika kisiwa cha Tasmania, kilicho kusini ya Australia. Katika ujana wake alifanya kazi katika mashamba ya kondoo, akajifunza kupambanua manyoya mazuri na mabaya. Kazi hiyo haihitaji nguvu tu, bali yataka jicho la uangalifu, kwa maana mwenye haraka huchanganya manyoya ya bei kubwa na yale ya bei ndogo, akamtia mwenyewe hasarani. Uangalifu huo haukumwacha maisha yake yote.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Fysh alijiandikisha kuwa askari wa kikosi cha farasi. Alipigana huko Gallipoli katika nchi ya Uturuki, kisha akapelekwa Misri na Palestina. Baadaye akahamia kikosi cha eropleni. Wakati huo hakuwa rubani, bali mtazamaji, yaani askari aketiye nyuma ya rubani, ambaye kazi yake ni kuangalia nchi na kulinda eropleni kwa bunduki. Rubani wake alikuwa Paul McGinness. Watu hawa wawili hawakufanana kwa tabia. McGinness alikuwa mwepesi, mwenye ujasiri, apendaye mambo mapya. Fysh alikuwa mtu wa kimya, afikiriye kwanza na kusema baadaye. Lakini kila mmoja alikuwa na kile alichopungukiwa mwenziwe, nao wakawa marafiki wakubwa. Wote wawili walipewa nishani kwa ushujaa wao angani. Vita ilipokwisha, Fysh naye akajifunza kuendesha eropleni, akawa rubani.

Mwaka 1919 Serikali ya Australia ilitangaza zawadi ya pauni 10,000 kwa Waaustralia watakaokuwa wa kwanza kuruka kutoka Uingereza mpaka Australia katika muda usiozidi siku 30. Fysh na McGinness walitamani sana kushindana, na tajiri mmoja mzee aliahidi kuwanunulia eropleni. Lakini kabla ya kununuliwa, mzee yule akafa, na ahadi yake ikafa pamoja naye. Basi tumaini lao likakatika. Badala yake wakapewa kazi ambayo wengi wangeiona kuwa ndogo: waende kwa motakaa kutoka Longreach mpaka kaskazini, wakaangalie mahali panapofaa eropleni za mashindano kushukia.

Wakaondoka mwezi wa Agosti 1919 katika motakaa ya Ford. Safari yao ilikuwa ya maili 1,354, yaani kilomita 2,179, katika nchi ambayo sehemu yake kubwa haikuwa na barabara yoyote. Walipita katika mchanga, mawe na majani marefu, wakavuka mito isiyo na madaraja. Safari hiyo iliwachukua siku 51. Lakini taabu ile ikawa shule yao. Siku kwa siku waliona kwa macho yao jinsi watu wa bara walivyotengwa na wenzao. Wakafahamu pia ya kuwa kujenga barabara na reli katika nchi pana namna ile kungetaka fedha nyingi na miaka mingi, lakini eropleni haihitaji barabara. Yahitaji uwanja uliosafishwa huku na uwanja uliosafishwa kule, na katikati njia yake ni hewa.

Fysh akabaki Darwin, bandari ya kaskazini, akitengeneza uwanja. Tarehe 10 Desemba 1919 alikuwapo pale eropleni ya Ross Smith na ndugu yake Keith iliposhuka, nao wakaipata zawadi. Wao walikuwa wamesafiri kutoka Uingereza kwa siku zisizozidi 28, na yeye alikuwa ametumia siku 51 kwa sehemu moja tu ya bara la Australia. Mtu mwenye akili hakuweza kuziona hesabu hizo mbili asijifunze jambo.

Mwaka uliofuata McGinness alikuwa katika mji wa Cloncurry. Siku moja ya Jumapili mfugaji mmoja, jina lake Fergus McMaster, alikuwa akivuka mto mkavu wenye mchanga mwingi, na ekseli ya motakaa yake ikavunjika. McGinness alikuwa akipumzika na rafiki zake, lakini aliacha starehe yake akaenda kumsaidia mgeni yule hata gari likatengenea. McMaster hakuusahau wema huo. Baadaye mwaka ule ule, Fysh na McGinness walikutana naye katika mji wa Brisbane, wakamweleza shauri lao la kuanzisha kampuni ya eropleni huko bara. McMaster alikuwa mtu aliyejua taabu ya umbali tangu zamani. Akakubali kutoa fedha, akawaendea wafugaji wenziwe, nao wakatoa.

Hivyo tarehe 16 Novemba 1920 kampuni ikaandikishwa. Jina lake lilikuwa refu, likitaja Queensland na nchi ya kaskazini na kazi ya angani. Lakini watu wakachukua herufi ya kwanza ya kila neno na kuziunganisha, likawa jina fupi la Qantas. Mali yake ilikuwa eropleni mbili ndogo zilizofunikwa kwa kitambaa, marubani wawili, na fundi mmoja, Arthur Baird, aliyewatengenezea eropleni zao katika vita. Baird alikuwa mtu asiyevumilia uzembe. Kwake kazi ya nusu nusu haikuwa kazi.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Kampuni ilipata fedha kwa kuwarusha watu waliotaka kuona mashamba yao kutoka juu, na kwa kumpeleka huyu na yule penye haja. Fedha hizo hazikutosha. McMaster na wenziwe wakamwendea waziri huyu na huyu, wakieleza kwamba mwenye eropleni hawezi kuishi kwa michezo, bali kwa safari za siku zote zenye saa maalumu. Mwishowe Serikali ikakubali kulipia uchukuzi wa barua kutoka Charleville mpaka Cloncurry, umbali wa maili 577. Tazama, msomaji: njia hiyo ndiyo iliyounganisha ncha za reli zile tatu ambazo hazikukutana.

Tarehe 2 Novemba 1922 McGinness aliondoka Charleville na barua za kwanza, akafika Longreach. Kesho yake asubuhi Fysh akazipokea kuzipeleka Cloncurry, na pamoja na barua alimchukua abiria wa kwanza wa njia ile. Abiria huyo hakuwa kijana. Alikuwa mzee Alexander Kennedy, mfugaji aliyepita miaka 80. Katika ujana wake mzee huyo aliingia bara pamoja na magari yaliyokokotwa na maksai, safari ya miezi mingi. Alipotoa fedha zake kwa kampuni, alitaka sharti moja tu, nalo ni kwamba tikiti ya kwanza iwe yake. Basi akavaa miwani ya upepo, akaketi katika eropleni isiyo na paa, na kabla ya jua kuwa la utosi alikuwa ameshuka Cloncurry. Maisha ya mtu mmoja yalikuwa yameunganisha gari la maksai na eropleni.

Muda si mrefu McGinness aliiacha kampuni akaenda zake magharibi ya nchi kulima. Alikuwa mtu wa kuanzisha mambo, na jambo lilikwisha kuanzishwa. Sasa ilihitajika kazi ya namna nyingine, kazi isiyoimbwa na watu, ya kufanya jambo lile lile leo, kesho na kesho kutwa bila kosa. Kazi hiyo ikamwangukia Fysh. Mwaka 1923 akawa meneja wa kampuni, naye akiwa rubani bado.

Jua la bara ni kali, na hewa yenye joto ni nyepesi, haiwezi kubeba mabawa vizuri kama hewa ya baridi. Kwa hiyo marubani waliondoka alfajiri, kabla ya joto kuzidi. Vumbi liliingia katika injini. Viwanja vilikuwa na mashimo na kondoo. Kila jioni Baird na mafundi wake walikagua kila msumari na kila waya. Fysh alipanga saa za kuondoka na kufika, akahesabu kila galoni ya mafuta. Mwaka 1926 kampuni ilianza hata kuunda eropleni pale pale Longreach, kwa mfano wa zile za Uingereza. Abiria walikaa ndani ya chumba kilichofungwa, wasipigwe tena na upepo na vumbi.

Hata hivyo uangalifu wa watu una mpaka. Tarehe 24 Machi 1927 eropleni ya Qantas ilikuwa ikishuka katika mji mdogo wa Tambo. Mwendo wake ukapungua mno, ikaanguka, na watu wote watatu waliokuwamo wakafa. Huo ulikuwa msiba wa kwanza wa kampuni. Katika miji midogo kama ile kila mtu humjua mwenziwe, na watu wengi waliokuwa wakisitasita walipata sababu ya kuogopa. Kampuni ingaliweza kuvunjika hapo. Lakini Fysh na wenziwe hawakuacha kazi, wala hawakujifanya kwamba hakuna hatari. Waliendelea siku kwa siku, kwa maana imani ya watu haipatikani kwa maneno, bali kwa eropleni ifikayo salama, na nyingine baada yake, na nyingine tena.

Mwaka uliofuata ulileta jambo ambalo watu wa bara hawakulisahau. Mchungaji John Flynn wa Kanisa la Presbiteri alikuwa amesafiri miaka mingi huko bara, akizika watu ambao daktari angaliweza kuwaponya. Mwaka 1917 kijana mmoja askari, Clifford Peel, alimwandikia barua akimweleza jinsi eropleni ziwezavyo kumchukua daktari mpaka kwa mgonjwa. Kijana huyo akafa vitani mwaka 1918, asione matunda ya shauri lake. Lakini Flynn aliitunza barua ile, akakusanya fedha kwa miaka kumi, kisha akaafikiana na Qantas. Kampuni ikatoa eropleni moja, iliyopewa jina la Victory, maana yake Ushindi, pamoja na rubani. Tarehe 17 Mei 1928 daktari Kenyon St Vincent Welch aliondoka Cloncurry akaenda Julia Creek kuwatibu wagonjwa. Hiyo ndiyo safari ya kwanza ya daktari arukaye. Katika mwaka wa kwanza daktari alisafiri angani mara 50, maili zipatazo 20,000. Kazi ile ilikuwa haijafanywa kwa mpango kamili namna hiyo mahali popote duniani, nayo yaendelea Australia hata leo.

Baada ya hapo njia ya Qantas ikavuka bahari. Mwaka 1934 kampuni iliungana na kampuni ya Kiingereza iliyoitwa Imperial Airways, ile ile ambayo eropleni zake zilikuwa zikishuka Kisumu tangu mwaka 1931. Shauri lilikuwa kwamba Waingereza walete barua na abiria mpaka Singapore, na Qantas iwachukue kutoka hapo mpaka Australia. Mwaka huo nao ulikuwa na huzuni yake, kwa kuwa mwezi wa Novemba eropleni mpya iliyokuwa ikiletwa kutoka Uingereza ilianguka karibu na Longreach, wakafa watu wanne. Lakini kabla ya mwaka kwisha barua zilikuwa zikienda, na mwaka 1935 abiria wakafuata. Mwaka 1938 zikaja eropleni kubwa za majini, zenye tumbo kama la mashua, za namna moja na zile zilizokuwa zikishuka Mombasa na Dar es Salaam siku hizo. Abiria aliyepanda Sydney alifika Uingereza kwa muda wa siku 10 hivi, na kwa meli angalikaa baharini zaidi ya mwezi.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili. Tarehe 30 Januari 1942 eropleni ya majini ya Qantas ilipigwa na eropleni za Wajapani karibu na kisiwa cha Timor, na katika watu 18 waliokuwamo wakafa 13. Mwezi wa Februari mji wa Singapore ukatekwa, na njia ya kwenda Uingereza ikakatika. Kazi ya miaka ishirini ilionekana kama imekwisha. Lakini Fysh alishikilia shauri la kutafuta njia nyingine, nayo ikapatikana, lakini ilikuwa ya kutisha: kutoka Perth, magharibi ya Australia, mpaka kisiwa cha Ceylon, kiitwacho Sri Lanka siku hizi, juu ya bahari ya Hindi moja kwa moja, pasipo kituo. Safari hizo zilianza mwaka 1943. Eropleni zilijazwa mafuta mengi hata zikaweza kuchukua abiria watatu tu. Marubani hawakuthubutu kutumia simu ya upepo, adui asije akawasikia. Usiku waliongozwa na nyota. Safari moja ilichukua saa 27 mpaka zaidi ya 30, hata wasafiri waliona jua likichomoza mara mbili kabla hawajashuka. Katika miaka miwili walivuka mara 271, wala haikupotea hata eropleni moja. Hapo matunda ya uangalifu wa miaka mingi yalionekana wazi, maana ujasiri peke yake humfikisha mtu mara moja au mbili, haumfikishi mara 271.

Mwaka 1947 Serikali ya Australia ilinunua hisa zote za kampuni. Fysh hakuondolewa, bali alifanywa pia mwenyekiti. Mwezi wa Desemba mwaka ule eropleni za Qantas zilianza kuruka zenyewe kutoka Sydney mpaka London, zikifika kwa muda wa siku nne hivi. Mwaka 1949 njia za Queensland zilitolewa kwa kampuni nyingine ya Serikali. Hivyo Qantas iliacha njia zile za bara zilizoilea, ikabaki na njia za ng'ambo. Mwaka 1952 ilifungua njia ya kuvuka bahari ya Hindi mpaka Afrika Kusini. Mwaka 1953 Fysh alipewa cheo cha heshima na Malkia, akaitwa Sir Hudson Fysh. Mwaka 1959 kampuni ikaanza kutumia eropleni za jeti. Mwaka 1966, baada ya miaka 46 tangu kampuni kuandikishwa, aliiacha kazi. Akaandika vitabu vya habari za kampuni hiyo, ili walio nyuma wajue ilikotoka. Alikufa mjini Sydney tarehe 6 Aprili 1974, akiwa na umri wa miaka 79.

Banda la kwanza la Longreach lasimama hata leo, na wageni huenda kulitazama. Ni nyumba ya mabati, si kubwa. Mtu akisimama mlangoni mwake huona nyanda zile zile alizozipita Fysh katika motakaa, tambarare na kavu, zikienda mpaka mbingu zinapokutana na nchi. Umbali haukupungua hata hatua moja. Uliopungua ni muda wa kuuvuka. Haukupunguzwa na mtu mmoja peke yake, bali na wengi: rubani mwenye moyo wa kuthubutu, mfugaji aliyetoa fedha zake, fundi asiyekubali kazi ya nusu, na mtu mmoja wa kimya aliyekaa mpaka mwisho, akihakikisha kwamba jambo lililofanyika vema jana limefanyika vema leo pia.